Picha Iliyoishia Njiani

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kuchapisha, wino ukiwa bado mbichi, ina harufu yake. Ni tamutamu, na nyuma ya utamu kuna uchungu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyomwagikia nguo iliyotoka kupigwa pasi. Wengi hawaisikii. Mimi ikinifikia narudi kuwa mtoto. Ilinifikia tena mwaka huu, wakati wa kiangazi, nilipokwenda kuchapishiwa picha kubwa ya mama kwa ajili ya matanga yake. Kijana wa duka aliishika karatasi kwa pembe mbili, akaipepea polepole, akaniambia, "Ngoja ikauke, mama. Usimuguse uso." Nikasimama mlangoni. Barabara ya Kolwezi ilikuwa ikipita mbele yangu na malori yake na vumbi lake jekundu, na kwa muda sikuwa tena mtu mzima aliyekuja kuzika. Nilikuwa Kabanga, jino la mbele linacheza, nimekumbatia mfuko wa plastiki, namngoja dada yangu atoke kwenye mashine.

Tulizaliwa wawili. Mbuyi alitangulia, mimi nikafuata, na kwa sisi tuliotoka Kasai majina hayo hayachaguliwi na mtu, yanakuwa yamekwisha kuwangoja mapacha kabla hawajafika. Babu ndiye aliyeletwa huku zamani kuchimba shaba. Tata, yaani baba yetu, alizaliwa hapahapa, akawa fundi wa mitambo kwenye mgodi, mtu wa maneno machache aliyerudi nyumbani na harufu ya grisi hata baada ya kuoga. Tulikaa kwenye nyumba ya matofali katika safu ya nyumba zilizofanana, na nyuma yetu palikuwa na kilima cha udongo uliotupwa na mgodi. Sisi watoto tulidhani Mungu ndiye aliyekiweka pale. Jioni jua liliposhuka nyuma yake, uwanja wetu wote uligeuka rangi ya chungwa, na Mbuyi na mimi tulikimbiza vivuli vyetu tukibishana kipi ni cha nani.

Kisha ikaja surua. Tulilazwa kitanda kimoja, mama akatundika kitenge dirishani kwa sababu mwanga ulituuma macho. Siku zile nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka mambo aliyoyaona chini ya maji. Maua ya kitenge yalikuwa yakiogelea ukutani. Sauti za uwanjani zilifika zikiwa zimelowa. Mguu wa Mbuyi ulikuwa umelala juu ya wangu, wa moto kama jiwe la jikoni, na nilipenda uzito wake. Halafu siku moja niliamka nimetulia, nina njaa, na kitanda kilikuwa kipana.

"Mbuyi iko wapi?" niliuliza.

Bibi, mama yake tata, alikuwa ameketi chini karibu nami. Alinipa uji kwanza. Kisha akasema, "Alirudi."

Kwetu, bibi alifundisha hivyo, hawasemi kwamba pacha amekufa. Pacha anarudi. Na hawamlilii mbele ya yule aliyebaki, asije naye akashawishika kuondoka. Kwa hiyo hakuna aliyelia mbele yangu. Walikuja watu wengi, wakakaa uwanjani kimya, wakala, wakaenda. Mama alikuwa akitoka nje ghafla na kurejea akiwa amenawa uso. Nami nilichukua neno nililopewa nikalishika kama lilivyo. Kurudi nilikujua. Mjomba wetu alikuwa akirudi kwake Kasaji kwa gari la moshi, akakaa huko, halafu tunaamka asubuhi tunamkuta uwanjani na kikapu cha mihogo. Mtu aliyerudi ni mtu anayeweza kuja. Sikuhuzunika. Nilingoja tu, na kila usiku nililala upande wangu wa kitanda nikimwachia wa kwake.

Kilichonishangaza ni macho ya mama. Alianza kuniangalia. Nikila, nikifua, nikichora chini kwa kijiti, nilipoinua kichwa nilikuta macho yake usoni mwangu, na nilipotabasamu yalikuwa yanachelewa kunijibu, kana kwamba yalikuwa yamepita yakaenda kumtazama mtu aliyesimama nyuma yangu. Sikujua wakati ule kwamba hatukuwa na picha. Ilikuwepo moja ya ubatizo, vitoto viwili vimefungwa nguo nyeupe, hata mama mwenyewe hakuweza kusema yupi ni yupi. Sura ya Mbuyi ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, nayo ilikuwa juu yangu.

Na mimi nilikuwa nakua. Jino langu la mbele lilianza kucheza. Nilifurahi, nikalisukuma kwa ulimi kutwa nzima, na siku nilipomwonyesha mama, aliweka chini kisu alichokuwa akikatia majani ya mihogo, akainuka.

Jioni ile aliongea na tata uwanjani. Nilikuwa nimekaa kizingitini.

"Nataka foto ya batoto," mama alisema. "Bote babili."

Tata alikuwa akifungua kamba za viatu vya kazi. "Mbuyi haiko. Watakamata foto ya nani?"

"Sura yake njo ile." Mama alinielekeza kwa kidevu. "Watamukamata mara mbili, mara moja na nguo yake, mara ingine na nguo ya Mbuyi. Kule kwa Jonas banaweza kubaunganisha mu ordinatere. Lakini ikuwe sasa, mbele ya meno kuanguka. Ikianguka, itaenda na sura ya mwenzake. Kila siku inabadirika, mi naona."

"Kumuvalisha muzima nguo ya ule alienda." Tata alisema taratibu, kama anayepima uzito wa kila neno. "Mama, utamuita. Mwenzake atasikia na atamufuata."

"Sisemi kumuita. Nasema kumuona."

"Hapana," tata alisema. Hakulirudia, na hakupandisha sauti. Aliviweka viatu sambamba ukutani akaingia ndani.

Katika yote hayo mimi nilibaki na neno moja. Kumuona. Mama alikuwa amejua mahali pa kumwona Mbuyi, na mahali penyewe ni kwa Yaya Jonas.

Yaya Jonas tulimwita yaya kama watoto wanavyowaita kaka na dada wakubwa. Alikuwa kijana mwembamba aliyewahi kuchimba madini katika mashimo ya wachimbaji wadogo, mpaka kifua kikaanza kumsumbua, akaacha. Sasa alikuwa na chumba kimoja karibu na soko. Ndani mlikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, viti viwili, kompyuta nene, ile ordinatere aliyoitaja mama, kamera ndogo ya kijivu isiyotumia filamu, na mashine ya kuchapisha aliyoifunika kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika televisheni. Tulikwenda asubuhi, tata akiwa kazini. Mama alinishika mkono njia nzima.

Jonas alisikiliza, akajikuna shingo. "Mama, tata yake anajua?"

"Kamata tu, mwanangu," mama alisema.

Kwanza nilipigwa picha nikiwa mimi, na gauni langu la bluu. Alipokuwa bado anapima mwanga nilikuwa nasukuma jino kwa ulimi, naye akabonyeza hivyohivyo, akacheka, akasema hiyo ni ya kujaribu. Kisha mama alinipeleka nyuma ya pazia. Alinivua la bluu, akanivisha la njano la Mbuyi. Lilikuwa bado linanukia sabuni na sanduku. Akazifungua nywele zangu, akazifunga upya kwa uzi mweusi, zikilala kuelekea nyuma kama Mbuyi alivyopenda. Vidole vyake vilikuwa vyepesi sana, na alipomaliza alirudi nyuma hatua akaweka mkono mdomoni.

"Sasa uko Mbuyi," aliniambia. "Kidogo tu."

Jonas alinikalisha kiti cha pili. "Mbuyi alikuwa anaikala namna gani?"

Basi nilimwonyesha mimi. Mbuyi alikaa na mguu mmoja juu ya mwingine, vidole vimejificha, na kichwa chake kiliinama upande kama anayesikiliza mlango wa jirani. Nilikaa hivyo. Nikakitazama kiti nilichokuwa nimekalia kwanza, na nasema kweli, niliona kitu pale, gauni la bluu au kumbukumbu ya gauni la bluu, na nilijua Mbuyi alikuwa akinionaje siku zote. Nilikuwa mdogo. Nilikuwa mtu wa kuchekesha. Kamera ikalia.

Mama alipotoka nje kujifuta uso, nilimsogelea Jonas.

"Yaya, Mbuyi eko mule ndani?"

Alikuwa akiangalia kioo cha kamera, wala hakunitazama. "Beko bote babili ndani."

"Banaikala wapi?"

Alipenda kuulizwa. Aliinama akanionyesha. "Huku ndani kuko kakioo kadogo, sawa ukucha wako. Juu yake kuko mashimo kidogo kidogo, mingi kupita batu bote ba Kolwezi. Mwangaza inaanguka mule, kila shimo inapokea yake. Mashini inapima kila shimo ilipokea kiasi gani, njo inajua, hapa peupe, hapa peusi."

Mashimo. Katika mji wetu hakuna mtoto asiyejua mashimo. Vijana walikuwa wakishuka ndani yake na kamba na tochi kichwani, wakapotea siku nzima, kisha wakatoka wamekuwa wa kijivu tangu nywele hadi kope. Kila kitu chetu kilitoka shimoni, shaba, kobalti, mkate, ada ya shule.

"Na mutu anaweza kutoka mule?" niliuliza.

"Atatoka," Jonas alisema, akinibinya shavu. "Kesho umeme ikiwa, tutamutosha mu karatasi."

Kumtosha, yaani kumtoa. Ndivyo tusemavyo kwetu. Usiku ule nililala ukingoni kabisa mwa kitanda.

Nimesoma baadaye na kujua kwamba Jonas hakunidanganya hata kidogo. Kioo kile kipo, na vishimo vyake vinapokea mwanga kama vikombe vilivyoachwa uwanjani vinavyopokea mvua. Na mashine za kuchapisha za namna ile zina matundu membamba kuliko unywele, na nyuma ya kila tundu kuna moto mdogo. Wino unachemka mara moja, kipovu kinavimba na kurusha tone nje. Ni bukari, ugali wetu, ikitokota sufuriani na kumrukia mpishi mkononi, ila tone lenyewe ni dogo hivi kwamba halionekani. Watu wa mbali walioyabuni hayo sijui kama waliwahi kumwaza mtoto kama mimi, ambaye asubuhi ile, kabla ya kutoka, aliingia chini ya kitanda na kuzitoa kandambili nyekundu za dada yake, akazipangusa vumbi, akazitia kwenye mfuko.

Tulipofika, Jonas, aliyekuwa amekwisha kuziunganisha picha mbili kwenye kompyuta, aliondoa kitambaa, akaweka karatasi ngumu yenye kung'aa, akabonyeza. Mashine ilikohoa, ikanyamaza, kisha kichwa chake cha wino kikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mwanamke anayefagia uwanja wake asubuhi bila haraka. Karatasi ikaanza kutoka. Kwanza maji ya pazia. Kisha kichwa changu upande mmoja, na upande wa kulia uzi mweusi, nywele zilizolala kuelekea nyuma. Mama alikuwa ameniambia zamani kwamba Mbuyi alizaliwa vizuri, akitanguliza kichwa. Sasa nilimwona akija vilevile, paji la uso, nyusi, macho yakifunguka mstari kwa mstari. Harufu ile ikajaa chumba. Pua ikatoka, na mwanzo wa mdomo.

Umeme ukakatika.

Feni ya kompyuta ilizunguka mara ya mwisho, ikasimama, na tukasikia soko lilivyo na kelele. Karatasi ilibaki imening'inia, Mbuyi amefika mdomo wa juu. Jonas alisema ni kungoja tu, hakuna cha kufanya, ukivuta kwa nguvu utaharibu. Mama aliketi kwenye kiti, mikono imelegea mapajani.

Mimi niliogopa, kwa sababu nilijua maana ya mtu kukwama shimoni. Wanawake walikuwa wakipiga magoti ukingoni na kuongea chini, ili aliye chini asikie sauti ya mtu. Basi nilizitoa kandambili mfukoni nikazipanga sakafuni mbele ya mashine, pamoja, vidole vikielekea nje. Nikainama karibu na karatasi.

"Mbuyi," nilimwambia, "usiogope. Banangojea umeme. Mama eko hapa."

Nilisikia kiti kikisogea nyuma yangu.

"Kabanga," mama alisema. "Hizo ni za nini?"

"Ni za Mbuyi. Inje udongo iko moto. Ataenda namna gani bila kandambili?"

Mama alishuka kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, taratibu, akanivuta nikaketi katikati ya magoti yake, nikiwa nimemgeukia. Uso wake ulikuwa karibu sana na safari hii hakuwa amenawa.

"Nisikie," alisema. "Mbuyi alikufa."

Nilikuwa sijasikia neno hilo likiwa pamoja na jina lile.

"Bibi alisema alirudi."

"Hakurudi. Alikufa na surua, weye ulikuwa unalala karibu naye. Tulimuzika. Haiko mu mashini. Ile ni karatasi tu."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Niliogopa. Niliona ukijua, utamufuata."

Nilimtazama, halafu nikaitazama karatasi. Yale macho yaliyofunguka mstari kwa mstari yalikuwa yameelekea pembeni, kwenye kiti kilichokuwa kitupu nilipopigwa picha, yakimtafuta mtu. Mbuyi hakuwahi kuwa na macho ya namna hiyo. Yeye hakuwahi kunitafuta, alijua siku zote nilipo.

"Ule ni mimi," nilisema.

"Ndiyo," mama alisema. "Ni weye."

Jonas alikuwa ametugeuzia mgongo, anakunja na kukunjua kile kitambaa cha kufuma. Umeme uliporejea, mashine haikuendelea ilipoachia, ilitema karatasi nzima kwa mara moja, nusu yake ya chini nyeupe tupu. Nilisogeza jicho karibu, kama watoto wanavyofanya, na nilichokiona kilikuwa vumbi la rangi, punje nyekundu, za njano, na za bluu kama mawe ya shaba tunayookota kilimani. Hapakuwa na punje hata moja ya rangi ya ngozi yetu. Jonas aliuliza kwa sauti ndogo kama aanze upya. Mama alikataa. Alimwomba ile ya kujaribu, ambayo ulimi wangu umetoka na jino limelala upande, na hiyo ndiyo tuliyobeba.

Tata alipofika, mama hakumngoja avue viatu. Alimwambia yote, alivyokwenda bila ruhusa, gauni, mashine, kandambili, nami nikajibanza ukutani nikingoja hasira. Tata alisikiliza amesimama. Mwishoni aliuliza jambo moja.

"Alibeba kandambili?"

"Alibeba."

Aliketi kwenye kizingiti, akaniita, akanishika mabega kwa mikono yake yenye grisi. "Nilisema nakuchunga," aliniambia. "Kumbe nilikuacha peke yako, unamungojea." Kisha alilia, mbele yangu, jua lingali juu, mlango ukiwa wazi, na majirani wakapita wakaona. Bibi alitoka jikoni akamkataza. Hakunyamaza.

Jumapili, baada ya ibada, walinipeleka makaburini. Bibi hakukubali kuja. Palikuwa mbali, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukilaza nyasi zilizokauka. Tata alinionyesha kilima kifupi, msalaba wa mbao, na jina lililochomwa kwa chuma cha moto kwa mkono wake. Akapiga magoti akaanza kung'oa magugu.

"Eko huku chini?" niliuliza.

"Mwili yake," tata alisema.

"Anaogopa?"

"Hapana. Haogopi kitu tena."

Ndipo nililia. Nililia kwa siku zote zile nilizolala upande wangu wa kitanda, nikalia mpaka nikachoka, na hakuna aliyeniambia nyamaza, na sikumfuata. Nilikuwa bado nipo pale, nimepiga magoti, udongo umeniganda kwenye mashavu, na nilikuwa nasikia njaa.

Njiani kurudi mama alianza kuongea. Alisema Mbuyi alikuwa anaogopa kuku, na mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza. Alisema Mbuyi alilala mdomo wazi. Alisema sauti ya Mbuyi ilikuwa nzito kidogo kuliko yangu, na gizani aliitambua kwa neno moja tu. Tata naye akaongeza lake. Walikuwa wakimtoa kwangu, kidogo kidogo, wakimsimamisha mahali pake, na kadiri walivyomtoa nilijisikia mwepesi.

Kwetu mama wa mapacha hupoteza jina lake la usichana. Huitwa kwa jina la yule aliyetangulia kutoka, nalo humfuata mpaka kufa. Tangu surua, mama alikuwa akipita kwa haraka kila alipoitwa hivyo, kama mtu ambaye hakusikia. Tulipofika kwenye njia panda, mwanamke mmoja aliyetandaza mboga chini aliinua mkono.

"Moyo, Mwa Mbuyi," alisalimu kwa lugha ya kwetu. "Munatoka wapi na jua hii?"

Mama alisimama.

"Moyo, mama," alijibu. "Tunatoka kumuona Mbuyi."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa taratibu, akasogeza mafungu yake ili mama apate nafasi ya kuchuchumaa. Mama akauachia mkono wangu, akaanza kuchagua majani.